Ua Lililokataa Kuhama

Mpo? Basi tulieni, na wewe unayemfinya mwenzio, kaa mbali naye. Haya ni ya zamani, zamani ile mawe yalipokuwa laini na milima ilikuwa bado inatafuta pa kukaa.

Huko juu mlimani, chini ya miti ya mitarakwa, kuliota ua la zambarau, dogo, lenye jani moja tu. Moja! Na halikuota kwingineko.

Kwenye mlima huo aliishi Nakijwa, mama mwenye mkono mzuri wa kupanda. Alichopanda kilishika. Binti yake Nasemba akaolewa nyikani, kwenye joto, na mila ya huko ilikuwa mke haendi kwao mpaka azae. Habari zikapanda mlimani: Nasemba hali, hasemi, anakonda, analitaja lile ua tu. Nakijwa akaogopa kumpoteza mwanawe. Akasema atampandia ua mlangoni, apone.

Akalichimba. Kama mkulima yeyote msafi, akakung'uta uchafu wote mizizini, akalitia kwenye udongo mweusi mzuri, akateremka nalo. Likafa njiani. Akapanda mlima tena, akachimba, akakung'uta, akateremka. Likafa. Mnacheka? Yeye alilia.

Lakini alikuwa mdadisi mama huyo. Akarudi, akalala kifudifudi chini ya mitarakwa, akafukua kwa kucha, polepole. Akaona nini? Uzi mweupe, mwembamba kuliko nywele. Akaufuata. Ulitoka kwenye ua, ukapita kwenye majani yaliyooza, ukaingia mzizi wa mtarakwa. Akafukua ua jingine: uzi. Jingine: uzi. Kumbe ule uchafu aliokuwa akiukung'uta ndio uliokuwa ukililisha.

Akateremka na ua lililokauka. Namche, mama mkwe wa Nasemba, akamuuliza dawa iko wapi. Nakijwa akamwekea ua mapajani.

"Mkwe wangu, mimi napanda kila kitu, hili limenishinda. Nililing'oa peke yake. Na mwanangu tulimleta hapa vivyo hivyo, peke yake."

Namche akaligeuzageuza lile ua.

"Basi tumempanda vibaya," akasema. "Mpeleke kwenu. Akirudi, aje na watu wake. Nyumba inatosha."

Nasemba akaenda kwao, akarudi nyikani na mdogo wake na bibi yake mmoja mkali kama mimi. Akala.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mtu akihamia kwetu hatumwambii asahau kwao. Hadithi nimeiacha pale pale chini ya mitarakwa. Anayeitaka aifuate, asiing'oe.