Muhuri wa Ngoma na Muhuri wa Hiari

Tulieni niwape habari ya mji wa Kaifana, maana wote waliousimulia kabla yangu wamepunguza, na mimi sipunguzi. Mji huo ulitawaliwa na Sultani Shaharumani bin Ghalibu, mfalme ambaye kilemba chake watu saba walikuwa wakikizungusha tangu alfajiri na hawamalizi mpaka adhuhuri, na kidoleni alivaa pete ya akiki, na ndani ya pete hiyo mlikuwa na amri ya majini mia tatu, na mkubwa wao alikuwa jini mmoja aitwaye Kharadali, mwenye mikono kumi na miwili na uso wa mtu aliyechoka.

Sasa Sultani huyu aliunda merikebu. Si ya vita, si ya mizigo, ya starehe tu, watu wapande wazunguke visiwa arobaini kwa siku arobaini, wale, walale, warudi. Na urefu wa merikebu ile, wallahi, mtu akipiga chafya omoni mbele, wa tezini nyuma humwambia "afya" kesho yake. Ilikuwa na bustani na visima vya sherbeti na msikiti wenye minara miwili, na haikuwa na tanga wala kasia, kwani majini waliibeba mabegani chini ya maji, na jini Kharadali ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko.

Lakini palikuwa na sharti. Kila abiria, kabla hajakanyaga ubao wa kupandia, hupigwa muhuri kiganjani, na mwenyewe achague upi. Upo muhuri wa ngoma, na mwenye huo hula chakula cha jioni ngoma ikilia, saa mbili barabara, kiti kile kile na watu wale wale mpaka mwisho wa safari. Na upo muhuri wa hiari, na mwenye huo hula saa aitakayo, popote penye nafasi, na sinia humfuata mwenyewe alipo. Ukishapigwa hautoki kwa sabuni wala kwa machozi. Na ngoma ikilia, pazia la ukungu lililofumwa na majini hushuka kati ya kumbi mbili, na sauti hupita lakini maneno hubaki, na wa huku hapiti kwenda kule, isipokuwa mwenye kiti amemkaribisha kabla pazia halijashuka.

Siku ya kupanda, mstari wa watu ukaanzia bandarini ukaishia mji wa pili. Ndani ya mstari huo alikuwamo Shekuwe bin Msellemu, muuza udi na ambari, mtu wa miaka arobaini asiye na mke. Huyu alilelewa na wajomba saba katika nyumba moja, na kila mjomba alikuwa na kengele yake ya chakula, na mtoto akichelewa kengele hulala na njaa. Basi alipofika mbele ya jini mpiga muhuri akakunjua kiganja na kusema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nipige wa hiari. Kwa kengele nimekula vya kutosha, sasa nataka njaa yangu ndiyo iniite."

Nyuma yake mwanamke akacheka. Kicheko chenyewe, nakuambieni, kiliwafanya ndege waliokuwa wakiruka wasahau kupiga mbawa, wakaanguka baharini wakaogelea. Jini akamwuliza naye anataka upi, akajibu wa ngoma.

Shekuwe akageuka. "Bibi, mbona unajifunga mwenyewe?"

"Nyumbani kwetu kila mtu hula chumbani kwake, saa yake," akasema. "Nataka meza ambayo nikichelewa, mtu aulize, yuko wapi."

Maneno hayo yakamkaa Shekuwe kooni kama mwiba wa samaki, na papo hapo akatamani kurudisha muhuri wake, lakini wino ulikuwa umeshakauka.

Mwanamke huyo alikuwa Mwanajabu, binti wa marehemu ndugu yake Sultani. Na Sultani alikuwa amempa safari ile na neno moja juu yake: ndani ya siku arobaini apate mchumba ampendaye, na akirudi bila mchumba ataolewa na Waziri wa Farasi, mzee wa miaka themanini na tisa ambaye akitafuna, meno yake husikika mtaa wa tatu. Nayo ada ya Kaifana, ambayo hata Sultani haivunji, ni kwamba mwanamume haposi mwanamke mpaka wamekula sinia moja jioni saba mfululizo, na shahidi awepo, kwa sababu wazee wa mji waliona kwamba mtu anaweza kuficha tabia yake siku nne, siku tano, lakini ya saba atajisahau na kuuvuta mnofu wote upande wake.

Jioni ya kwanza Shekuwe akavaa kanzu yake ya darizi, akajifukiza udi mpaka samaki chini ya merikebu wakanukia, na akapita polepole mbele ya ukumbi wa ngoma, pazia likiwa bado juu. Mwanajabu alikuwa ameketi. Mbele yake pilau ya zabibu inafuka, na kuku wa kupaka, na kiti cha jirani yake kitupu, maana mwenyewe alikuwa anatapika kwa mawimbi. Akamwona Shekuwe na kumwambia, mbele ya meza nzima, "Karibu tule."

Na Shekuwe, ambaye njaa ilikuwa ikimwuma hata akiona mawingu anaona mikate, akafanya alivyofundishwa na wajomba saba, kwamba karibu ya kwanza haipokelewi, wala ya pili, mtu mwenye adabu huketi kwa ya tatu. Akaweka mkono kifuani akasema, "Starehe, bibi. Nimeshiba." Na akasimama pale kungoja ya pili.

Lakini majini hawana adabu zetu. Jini Kharadali akamwambia kwamba bwana amesema ameshiba, na kwa sheria yao aliyesema ameshiba hakaribishwi tena kwenye meza hiyo. Ngoma ikalia, pazia likashuka, na kitu cha mwisho alichokiona Shekuwe ni Mwanajabu akiinamisha uso juu ya sahani, na watu wa meza wakitazama pembeni ili wasimwaibishe.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kutamani. Mchana wanawake walikuwa na sitaha yao, mlangoni majini wanne wenye panga, na hakuna mwanamume aliyefika. Jioni pazia. Shekuwe akala saa kumi, akala saa tatu, akala saa saba ya mchana, na kila alipoketi alikuta watu wapya, leo muuza kasuku, kesho kadhi, keshokutwa mtu anayeongea na viatu vyake, na hakuna aliyemwuliza jina mara mbili. Na ngoma ikilia popote alipo, mkono wake ulikuwa unasimama njiani na tonge. Alisikia vijiko upande wa pili. Alisikia kicheko kile, kimepungua, kama taa iliyoteremshwa utambi. Siku thelathini na tatu zikapita namna hiyo, akakonda mpaka kanzu ikawa inatembea yenyewe na yeye anaifuata.

Asubuhi ya siku ya thelathini na nne akaja kuketi mbele yake bibi mmoja mnene, anaitwa Bi Kidawa. Huyu alikuwa shangazi yake Mwanajabu, na alichukua muhuri wa hiari kwa kuwa hula mara tisa kwa siku. Akaitazama sahani ya Shekuwe iliyojaa.

"Baba, mbona huli? Au bado umeshiba ile ya siku ya kwanza?"

Shekuwe akamweleza kwamba ile ilikuwa adabu tu.

"Adabu," akasema Bi Kidawa, na huku anamega mkate wa Shekuwe. "Mtoto wa watu kakwambia karibu mbele ya kadamnasi, wewe unampa adabu. Tangu siku ile hajamkaribisha hata paka."

Kisha akamweleza habari ya Waziri wa Farasi na meno yake, na habari ya siku arobaini, na kwamba zimebaki jioni saba, sawasawa na zile za ada, haizidi hata moja. Shekuwe akamwomba amfikishie salamu.

"Salamu nitafikisha. Kiti siwezi kukubebea. Nimwambie nini?"

Shekuwe akafikiri maneno yote mazuri aliyokuwa akiyatunga kwa siku thelathini na tatu, na yote yakamkimbia. "Mwambie nilikuwa na njaa," akasema.

Akainuka na kwenda jikoni. Jiko la merikebu ile lilikuwa kubwa, mtu akipotea kwenye vitunguu hutafutwa kwa wiki. Akamkuta jini Kharadali anaosha masinia kwa mikono sita na kupika kwa sita, akampigia magoti na kumwomba ambadilishie muhuri, na jini akajibu kwamba muhuri ni muhuri, na yeye mwenyewe amefungwa kwa pete, wala hana la kufanya ila kumletea chakula saa atakayoitaka.

"Saa yoyote?"

"Yoyote, bwana."

"Basi niletee ngoma ikilia, jioni zote saba. Na uniwekee chini, pale pazia linapogusa sakafu, kando ya kiti cha Mwanajabu."

Jini akaacha kuosha. Tangu merikebu ile iundwe hakuna mwenye hiari aliyewahi kuichagua saa ya ngoma.

Mchana ule wote Shekuwe hakula, ili njaa yake ifike pamoja na ya Mwanajabu. Na kwa kuwa mwenye hiari akiwaza chakula tu sinia humjia, masinia yalimfukuza sitahani, la sambusa mbele, la biriani nyuma, na la halua likimpandia begani, naye anakimbia anaziba pua, na abiria wanampisha wakidhani ana wazimu.

Ngoma ikalia. Akaketi mkekani kando ya pazia. Likaja sinia la wali wa nazi na changu wa kukaanga, kubwa kuliko kawaida, na nusu yake ikawa imeingia ndani ya ukungu, haionekani. Shekuwe akanyoosha mkono achukue tonge. Sinia likainama, upande wa pili, kidogo tu, kama mtu mwingine naye amenyoosha mkono.

Akatulia, mkono juu ya wali. Akagonga ukingo mara mbili kwa kidole. Merikebu ikavuka visiwa viwili mtu hajapumua. Kisha ukingo ukagongwa kutoka upande wa pili, mara mbili.

Hakuna neno lililopita. Lakini jioni ya pili alijua kwamba Mwanajabu anaanzia wali pembeni na kuacha katikati. Jioni ya tatu alijua kwamba alikuwa amelia mchana, kwa sababu alikula kwa vituo. Jioni ya nne alimwachia kipande kinono cha samaki mpakani mwa ukungu, na aliponyanyua macho akakuta Mwanajabu naye amemwachia chake, vipande viwili vimelala bega kwa bega na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Jioni ya saba walikula punje moja moja, maana sinia likiisha ndiyo basi, na wali ule uliliwa mpaka watu wote walipoondoka na taa zikapunguzwa, na bado sinia lilikuwa likiinama huku, likiinama kule.

Asubuhi yake merikebu ikafika Kaifana, na Sultani akaketi barazani, na Waziri wa Farasi kando yake amevaa kanzu ya harusi kabisa. Sultani akauliza ni nani aliyekula na binti yake. Shekuwe akajitokeza, akasema ni yeye.

"Ewe Sultani mtukufu," akasema Waziri, na meno yakagongana, "huyu ana muhuri wa hiari. Baina yao kulikuwa na pazia. Tangu lini watu wakala pamoja bila kuonana?"

Sultani akaisugua pete, jini Kharadali akasimama, na jini aliyeitwa kwa pete hawezi kusema uongo. Akaulizwa alipeleka masinia mangapi kila jioni kwa watu hawa wawili.

"Moja, bwana wangu."

"Kwa nini moja?"

"Tangu merikebu iundwe wa ngoma wanakula saa yao, wa hiari wanakula saa zao, nami naosha vyombo bila kupumzika. Huyu akaja kuomba saa ile ile ya yule, na mahali pale pale. Nikaona, sinia la pili la nini? Nikaliweka chini ya pazia, naye bibi akashuka kitini, kila mtu na nusu yake."

Baraza zima likacheka, hata walinzi wakaangusha mikuki, isipokuwa Shekuwe na Mwanajabu. Sultani akanyamazisha watu. Akasema kwamba ada imetaja sinia na jioni na shahidi, na shahidi ni jini huyu, na nyuso haikuzitaja. Kisha akamgeukia Mwanajabu.

"Binti yangu, mtu huyu ulimwona siku moja. Siku thelathini na tisa hukumwona. Utamjua?"

Mwanajabu akamtazama Shekuwe, alivyokonda, kanzu inamning'inia.

"Uso nilikuwa nimeusahau, baba," akasema. "Njaa yake ndiyo ninayoijua."

Waziri akavua ile kanzu ya harusi mwenyewe. Na ndoa ikafungwa siku ile ile, na karamu ikaliwa siku tisini, ng'ombe wakaisha nchi nne, na Sultani akampa Shekuwe udi wote unaopita katika mji ule na majumba kumi na mawili yenye milango ya fedha, na jini Kharadali akapewa majini sitini wa kumsaidia kuosha vyombo.

Nami nawaambia, uhuru wa kula utakapo ni kitu kizuri, asiyeutaka nani, lakini saa ya chakula ni ile aliyopo unayemtaka, na zilizobaki zote ni kujaza tumbo. Hapo ndipo ilipokoma. Kama yupo anayeijua hadithi hii kunizidi, na sidhani kama amezaliwa, basi na aseme sasa.