Kata Mbili za Mzee Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Kusanyikeni, enyi mkutano, wakubwa kwa wadogo. Aliye nyuma na asogee mbele. Anayesinzia na aamshwe na jirani yake, kwa kuwa neno hili huenda ni lake.

Hapo zamani za kale, katika nchi iliyokaukiwa mito, Mzee Ngiri alimiliki kisima kirefu. Alikuwa mcha Mungu, kwa maneno yake mwenyewe. Kila asubuhi alisali mpaka umande ukakauka, na wanyama wenye kiu wakamngoja amalize.

Punda wawili walimvutia maji: Shekue, dume, na Dafina, jike mwenye kunyonyesha. Kamba moja, ndoo moja, jua moja. Kwaruu, kwaruu, bega kwa bega. Jioni Ngiri aliwapimia mtama. Shekue alipimiwa kwa kata kubwa. Dafina alipimiwa kwa kata ndogo, nusu ya ile.

Maziwa ya Dafina yakapungua. Mtoto wake akawa mbavu tupu.

"Mzee," akasema Dafina, "je, ndoo ninayoivuta ni nyepesi kuliko ya mwenzangu?"

"Ndoo ni moja, binti. Lakini dume ni kichwa cha nyumba."

"Shekue hana nyumba, Mzee. Hana hata mke."

"Atampata. Tena wewe huvuta kwa upendo, na upendo haupimwi kwa kata."

Shekue alisikia. Akatafuna. Kinywa kilichojaa mtama hakikupata neno la kusema.

Siku moja Ngiri aliinama kisimani kutazama maji yake. Chubwi! Akang'ang'ania ndoo.

"Nivuteni, wanangu!"

Kwaruu, kwaruu, akapanda. Alipofika katikati, Dafina akaiachia kamba.

"Mbona umeacha?" akauliza Ngiri.

"Nimemaliza, Mzee. Ujira nusu, kisima nusu. Iliyobaki ni ya kichwa cha nyumba."

Shekue akavuta peke yake. Kwato zikateleza. Ndoo ikashuka.

"Dafina, siwezi," akahema.

"Unaweza. Kata kubwa ilisema unaweza."

Kule chini Ngiri akaanza kusali, safari hii kwa ufupi.

"Dafina, mwanangu, nitakupimia sawa na mwenzako."

"Kwa kata ipi?"

Ndoo ikashuka tena.

"Kubwa, mwanangu. Kubwa."

Dafina akairudia kamba, akaishikilia. "Basi ile ndogo ivunjwe kwanza. Ivunje wewe, Shekue, kwa kuwa uliiona kila jioni ukanyamaza."

Shekue akainamisha masikio, akainua kwato. Paah! Vipande.

Kisha wakavuta pamoja, kwaruu, kwaruu, mpaka Ngiri akatoka, tope mpaka kwenye pembe. Dafina angeweza kumwacha afe. Hakumwacha, maana alitaka haki, hakutaka damu. Jioni ile akapimiwa kata kubwa, na juu yake yote aliyopunjwa msimu mzima. Mtoto akanyonya, akashiba, akalala.

Mafunzo ni haya: waliovuta kamba moja na wapimiwe kwa kata moja. Anayempunja mwanamke ujira wake humwibia na mtoto aliye mgongoni mwake, na sala ndefu haifuniki wizi huo. Naye anayeona akanyamaza, anakula pamoja na mwizi.

Hadithi yangu inakomea hapa. Wewe usikomee hapa. Nenda nyumbani kwako, itoe kata ndogo uliyoificha, uivunje kabla hujapiga magoti tena.