Meno ya Mbuzi ya Bi Mize

Mnanisumbua na mdomo umenikauka. Haya, sikilizeni, na anayesinzia akalale kwao.

Hoteli ilipokuja kisiwani ikataka kununua vyombo vyetu ivitundike ukutani. Vuai akabeba mbuzi ya mamake, Bi Mize, ile aliyokalia kukunia nazi.

“Mwanangu, bila hiyo nani ataniita kupika harusini?”

“Mama, tui siku hizi linatoka kwenye pakiti!”

Akayang'oa meno ya chuma kwa nyundo, yasije yakawachoma wageni.

Mbuzi ikasema, “Vuai, meno yangu!” Akacheka. Ikasema tena, akaipiga teke. Ikasema mara ya tatu, akaiuza.

Asubuhi yake, Vuai kuuma mkate tu, meno yakamtoka yote. Na mbuzi hiyo imerudi yenyewe mlangoni kwa Bi Mize, imekenua meno meupe ya mtu.

Bi Mize akaikalia, akakuna nazi, akampikia mwanawe uji.

“Kunywa, baba. Nazi nimeikuna kwa meno yako.”