Jani la Maharage Nyuma ya Tanuri

Kamba imekatika, mbuzi hajatoka duarani. Mnacheka, halafu mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Rungwe, uani kwa baba yangu, na ilianza hivi.

Nilikuwa na mchumba, fundi matofali, jina lake Lutengano. Alikuwa mchapakazi, ila kila alasiri lazima avute bangi nyuma ya tanuri. Baba alipomuuliza, akajibu bila haya, "Baba, bangi si pombe. Sitetemeki, siumwi. Nikitaka kuacha, naacha leo."

"Basi acha siku saba," baba akasema, "nawe uzikae hapa ukinifyatulia matofali. Ukishindwa, posa yako kaipeleke kwingine."

Mimi nilimpenda, roho ikawa juu juu. Siku ya kwanza alifyatua huku akiimba. Siku ya pili, alasiri, akaacha udongo kwenye kibao akatoweka. Tukamkuta nyuma ya tanuri, amechuchumaa, ameshika jani la maharage alilolisokota vizuri kama msokoto wa bangi, halina moto.

"Sijavuta," akasema. Na kweli, hakuwa amevuta. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, na akicheleweshwa kwenda huko hugombana hata na ndoo.

Siku ya saba mvua ikashuka alasiri. Tulikimbia wote kufunika matofali mabichi kwa nyasi, isipokuwa fundi mwenyewe. Alikuwa kule kule, amelowa chapachapa, amelikinga jani lake kwa kiganja lisilowe. Matofali mia mbili hatukuyawahi, yakarudi kuwa tope.

"Baba, sijavuta hata pafu moja," akasema.

"Najua. Sasa nani amekufunga hapa?"

Baba akamwonyesha mbuzi wetu. Alikuwa amekata kamba tangu asubuhi, mahindi mabichi yako hatua tano mbele yake, naye bado anazunguka kigingi akilamba vumbi lililogeuka matope.

"Kamba imekatika, mbuzi hajatoka duarani," baba akasema. "Nenda nyumbani. Siku alasiri itakapokupita bila wewe kuiona, uje."

Nililia mpaka mama akanificha leso, akisema inatosha. Lutengano alirudi baada ya mavuno mawili, nikaolewa.

Ndiye babu yenu. Hajavuta tena, hilo naliapia. Ila sasa ni alasiri, na shamba langu la maharage linapungua majani. Hebu chungulieni nyuma ya jiko. Mkimkuta amechuchumaa msimcheke, mwamkieni tu kwa adabu, kisha mwambieni: kamba imekatika, mbuzi hajatoka duarani.