Ng'ombe Hawajalewa

Uvumi ulianzia kisimani, ukamfuata Zipora hadi jikoni kama moshi wa kuni mbichi: eti mwanawe Kefa, mwendesha gari la ng'ombe, husinzia kwa pombe huku ng'ombe wakijiendea wenyewe. Zipora aliukung'uta, ukagoma kumtoka. Ilikuwa enzi ya Wajerumani, reli ndiyo kwanza inaikaribia Dodoma, na Kefa ndiye aliyepeleka magunia ya mtama kambini kwa wajenzi. Kati ya watoto watano aliozaa, alibaki huyo tu.

Asubuhi moja alimkuta akiwafunga ng'ombe nira.

"Kefa, watu wanasema unalala garini."

"Wamesema kweli, mama. Aliyelewa ni mimi, ng'ombe hawajalewa. Njia wanaijua kuliko mimi."

"Basi mshahara wapewe wao, wewe ubaki hapa unilindie kuku."

Kefa alicheka hadi akashika mbavu. Mwaka mzima mama yake alikuwa akitwanga maji kinuni.

Zipora akamwendea Loisi, mpika pombe wa kando ya barabara. "Usimpe mwanangu."

"Mama Kefa, mimi nauza pombe, siuzi akili. Akili kila mtu aje na yake."

Mgogo, na Kefa alikuwa Mgogo, huwanywesha ng'ombe kwanza, ndipo naye hunywa. Mchana huo, katika jua kali la kiangazi, Kefa alisimama kwa Loisi, akaanza na koo lake. Kibuyu kilifuata kibuyu, na ng'ombe wamesimama juani, nira shingoni, ndimi nje. Kisha akapanda juu ya magunia, akalala fofofo.

Ng'ombe hawakupotea. Walinusa maji. Matonya, jirani yao, alikuwa akichimba kisima katika mchanga wa korongo alipowaona wakiiacha barabara na kuteremka mbio.

"Kefa, vuta kamba!"

Kefa hakuinua hata kichwa. Gari lilipinduka ukingoni, magunia yote yakamwangukia. Walipomfukua alikuwa amekwisha kata roho.

Zipora alipofika alisema, "Nilimwambia." Akarudia, "Nilimwambia jamani."

Basi wenye wana, waambieni haya, hata wakinuna:

Usiendeshe ukiwa umelewa, hata kama ni hapo tu.
Usipande gari la mlevi.
Usimkabidhi mlevi kamba za ng'ombe.
Usitulize kiu yako kabla ya kiu ya mnyama wako.
Usicheke na mlevi anayejisifu.
Usidharau mama anayerudia neno lilelile kila asubuhi.

Kefa aliambiwa nyumbani, akaitwa korongoni. Sikio la kufa halisikii dawa.