Nguchiro na Kamba ya Wavuvi

Paukwa!

Pakawa.

Hapo hamjaitikia, mmepiga miayo. Paukwa!

Pakawaaa!

Ehe! Sasa kaeni vizuri, maana hadithi hii nikiisimulia mimi, hata moto husahau kuzimika.

Zamani hizo, nyinyi hamjatungiwa hata majina, bara kulikauka. Nguchiro akakaa na njaa, akakaa na njaa, akakaa na njaa, mpaka akashuka pwani. Akaikuta rasi imejinyoosha, bahari kushoto, bahari kulia, mchanga mweupe mpaka unaumiza macho. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akanusa. "Pazuri hivi, na mbona hakuna anayepagombania? Pana jambo."

Kijiji cha kwanza akawakuta wavuvi ufukweni wanavuta juya, ule wavu wao mrefu.

"Karibu mgeni! Shika kamba!"

Nguchiro akaitazama kamba. Mwisho wake umezama majini, hauonekani. "Hawanijui, wananichangamkia. Huko mwisho kuna nini?" Akasema, "Asanteni, napita tu." Akapita. Tumbo likanguruma.

Kijiji cha pili, kuta zake kuukuu zimeliwa na chumvi, na huko pia wanavuta juya. Bi Mwanaiki, mfupi kama kinu, akamwita. "Wee mwanangu, mbona mbavu zinahesabika? Shika kamba. Kwetu anayegusa kamba hakosi kitoweo."

"Na wewe bibi, kitoweo chako cha jana kilikuwa nani?"

"Kibua."

"Huyo Kibua naye alikuwa mgeni?"

"Kibua ni samaki, mwehu wewe!"

Watu wakacheka. Nguchiro akaona meno mengi mno. Akapita.

Kijiji cha tatu kilikuwa kwenye ncha kabisa ya rasi. Mbele maji, nyuma njaa. Miguu ikagoma. Nguchiro akashika kamba, jicho moja kwa watu, jicho moja kwa bahari. Wakavuta, wakavuta, wakavuta. Juya likatoka limejaa samaki. Mzee Shekue, mwenye juya, akamtupia changu mnene. "Wako huyo, mgeni."

Mate yakamdondoka Nguchiro. Lakini je, alikula? Thubutu! "Mbona mkubwa hivi? Mbona nimepewa mimi?"

Paka akapita, mpole, anajilamba.

"Ndugu yangu Paka, hebu nionjee. Isije ikawa ana sumu."

Paka akala mkia.

"Vipi?"

"Mkiani salama. Tumboni sijui."

Akala tumbo.

"Vipi?"

"Tumboni salama. Lakini sumu, ndugu yangu, hupenda kujificha kichwani."

"Basi angalia na kichwani!"

Paka akala kichwa, akalamba hata mchanga. "Bahati yako, Nguchiro! Samaki yule alikuwa salama kabisa."

Nguchiro akashusha pumzi. Kisha akamkazia macho.

"Na wewe, mbona umenisaidia bure?"

Hadithi yangu inakaa chini hapo. Anayebisha, asimulie yake tumwone.