Kunde za Bi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge, kama watu wenye hatia. Sawa. Hadithi yenyewe ni ya watu wenye hatia.

Hapo kale, kijiji kimoja kililima kwa ujima. Leo kwako, kesho kwangu. Jembe pu! Jembe pu! Mwenye shamba ndiye aliyewapikia wote. Bi Somoe, mjane, hakuwa na mtoto wala ndugu. Ujima ndio uliokuwa jamaa zake.

Mwaka mmoja vidukari wakavamia kunde. Wadogo kama mbegu za ufuta, wamebanana shina zima, wakifyonza. Fyoo, fyoo. Majani yakanata, yakajikunja. Jumbe Mnali akaamuru kila mdudu wa shambani aokotwe, atiwe kibuyuni, achomwe. Kila mdudu, alisema, asibakizwe hata mmoja.

Watu wakaokota, wakachoma. Bi Somoe hakuchoma. Alikuwa amechuchumaa siku nyingi akitazama, maana asiye na wa kuzungumza naye hutazama sana. Alimwona mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mgongo wa mviringo kama kobe, akila vidukari. Akawaona na watoto wa mdudu huyo: weusi, warefu, wana miiba, wabaya wa sura, nao walikula kumshinda mama yao. Nyamu! Nyamu! Kwa kuwa wa shambani walikuwa wakichomwa, akaenda kuwatafuta nyikani, akawabeba juu ya jani la mgomba, akawatia kundeni mwake.

Jirani yake, Nambunga, akachungulia. Jioni kijiji kizima kikajua kwamba Somoe anafuga wadudu.

Jumbe akaja na watu wake na kijinga cha moto.

"Shangazi, hawa wenye miiba ni wa nini?"

"Ni watoto wa wale wekundu. Wanawala vidukari. Nipe siku kumi, baba. Nikikosea, choma."

"Na wakihamia kwetu?"

"Ndilo ninaloliomba."

Wakacheka. Nambunga akasema mwanamke asiyezaa hulea chochote. Jumbe akampa siku kumi, ila akamtoa kwenye ujima. Asiitwe, asiende, asipikiwe.

Bi Somoe akalima peke yake. Pu. Akatua. Pu. Akageuka aseme neno, hakuna wa kuambiwa.

Siku ya kumi wakarudi. Kunde zake zilikuwa kijani, zimechanua. Zao zilikuwa zimesinyaa. Hakuna aliyeomba radhi. Waliomba wadudu. Akawagawia wote, hata Nambunga, akawasihi wasiwaue wale wenye miiba. Kunde za kijiji zikainuka.

Siku ya mavuno alipika chungu kikubwa cha kunde, akatandika mikeka mitano, akapita nyumba kwa nyumba akialika. Wote walisema, tunakuja, shangazi. Akangoja. Jua likapanda. Jua likashuka. Watu walikuwa kwa Jumbe, wakimpongeza kwa kuokoa kijiji. Alikula peke yake siku hiyo, na ya pili. Siku ya tatu alikula zilizochacha, kwa kuwa aliwapikia watu na hakuweza kuzimwaga.

Mwaka uliofuata vidukari wakarudi. Sasa watu wakajaa mlangoni kwake. Hodi, Bi Somoe. Hodi, shangazi. Hodi, hodi. Nambunga akasukuma mlango. Bi Somoe alikuwa amelala, mwili umepoa, na hakuna aliyeweza kusema alikufa lini.

Leo kijiji kile humwita mwenye hekima, na watoto hufundishwa jina lake. Mimi nasema hekima yake waliila, yeye mwenyewe wakamwacha. Ukitaka kumheshimu mtu, nenda ukale kwake angali anaweza kukukaribisha.

Hadithi yangu naitua hapa.